MREJESHO: Bunduki ya upepo iliyokuwa inahama shabaha

Wakuu, narudi na mrejesho kutoka Tabora. Niliuliza kwa nini bunduki ya upepo ya springi, 4.5 mm, yenye kibali, inahama shabaha kila ikipigwa risasi chache. Mlioniambia nitazame pete za darubini (zinazoishikilia kwenye reli iliyo juu ya bunduki), asanteni sana, ndipo penyewe.

Springi inaposukuma pistoni, bunduki inaruka nyuma. Pistoni ikifika mwisho, bunduki inavutwa mbele ghafla, na darubini kwa uzito wake inabaki nyuma. Pete zilikuwa zinatambaa kidogo kidogo: kwenye reli, mbele ya pete ya nyuma, kuna mkwaruzo mwembamba unaong'aa. Ndiyo dalili ya kutafuta.

Dawa: futa reli na pete kwa spiriti hadi grisi yote itoke, kisha shusha pini ya kuzuia ndani ya tundu la reli. Hii pini ndiyo kila kitu. Skrubu za pete kaza kwa kupishana, robo mzunguko kila moja. Ukizidisha, mrija wa darubini unabonyea. Za kitako nazo zisisahaulike.

Marekebisho nimefanya mita 25, asubuhi kabla upepo haujaanza. Klik moja ya kitufe cha kurekebishia darubini, yaani robo MOA (MOA ni dakika ya pembe, 1/60 ya digrii), huko ni kama milimita 1.8, kwa hiyo risasi ikipiga sentimita 4 chini, panda klik 22. Mkono wa mbele ubebe tu, usibane.

Sasa risasi kumi zinafunikwa na kizibo cha soda.