Mnawapima mimba mabinti zetu kila shule ikifunguliwa, ila kuwafundisha miili yao ndiyo mwiko?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na siombi radhi.

Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha pili, bweni. Siku ya kufungua shule, hata godoro hajatandika, wasichana wote wakapangwa mstari. Kila mmoja kikopo, chooni, lete mkojo. Matroni anachovya kipimo wenzake wakitazama. Wavulana wako uwanjani wanapiga danadana. Sisi wazazi hatukuambiwa chochote.

Siku ya kutembelea wanafunzi akanivuta pembeni: "Mama mdogo, mwezi uliopita sikuona siku zangu. Si wangesema nina mimba?" Huyu mtoto hajawahi kulala na mwanaume! Alikuwa hajui kwamba miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo hedhi huruka, na ni kawaida. Kakaa na hofu hiyo peke yake, hali wala halali. Kumpima waliweza, kumwambia sentensi moja wakashindwa.

Na msiniambie atasoma kwenye Baiolojia. Mimi mada ya uzazi niliikuta kidato cha tatu, kwa Kiingereza: mwalimu kachora mirija ubaoni, kafuta, basi. Mabinti wengine wanavunja ungo darasa la tano, la sita. Na mchoro ule haumwambii afanye nini bodaboda anayempa lifti kila asubuhi akianza kudai malipo mengine. Amjibu nini? Akamwambie nani?

Tangu 2016 sheria hapa Tanzania inasema anayempa mwanafunzi mimba jela miaka 30. Sawa, afungwe. Novemba 2021 serikali ikaruhusu waliojifungua warudi darasani, jambo jema sana. Lakini yote hayo ni baada ya mimba. Kabla ya mimba tunampa nini? Kikopo! Utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kushika mimba.

Wale wa "huo ni uzungu", bibi zetu walikuwa na makungwi na unyago. Mengi yalikuwa ya kumpendeza mume, hilo silitetei, ila binti hakuachwa gizani. Leo kungwi hayupo, mama anaona haya, mwalimu anaogopa wazazi. Kilichobaki kumfundisha ni video za ngono kwenye simu.

Nataka hivi: elimu ya afya ya uzazi ianze darasa la tano, kwa Kiswahili, wavulana wakiwemo, kwa mwalimu aliyeandaliwa. Hedhi, mimba inavyoingia, kinga, haki ya kusema hapana, na pa kuripoti hata kama mkosaji ni mwalimu. Na huu upimaji wa lazima ukome.

Mkuu wa shule nimeshamwandikia, kimya. Kikao cha wazazi kijacho barua naisoma mbele ya watu wote. Wenye watoto kwenye shule zenye mchezo huu semeni hapa, tuandike pamoja kwa Afisa Elimu.