Kodi ya majengo kwenye LUKU: aibebe mpangaji au mwenye nyumba?

Kibarazani
Wakuu, tuliweke sawa hili. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kila unaponunua tokeni ya mwezi. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Julai 2023 ikapanda, ikawa 1,500 na 7,500. Mwenye deni hilo kisheria ni mmiliki, lakini anayenunua tokeni ni mpangaji, na wengi hawarudishiwi. Ninachosema: kiasi kinachokatwa kitolewe kwenye kodi ya nyumba, na kiandikwe kwenye mkataba. Mwenye nyumba anayepokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo akashindwa kurudisha 1,500, huku anawauzia watu uniti kwa 500 kwenye mita ndogo alizofunga kila chumba, hana la kujitetea.

MamaMjengo
Miezi sita imeingiaje hapa? Umeanza na kodi ya serikali umemalizia kututukana. Mwenye nyumba analipa pango la ardhi kila mwaka, anaita gari la maji taka shimo likijaa, anapaka rangi kila mpangaji akihama na kuacha ukuta umejaa misumari. Hiyo 1,500 ukiigawa kwa vyumba sita ni 250 kwa mwezi. Kwa 250 ndiyo mmetufungulia mjadala?

Mpangaji_Manzese
Dada, kama ni 250 tu, lipa wewe. Tena haigawanyiki kwa sita hata kidogo. Inamkata anayenunua wa kwanza mwezi ukianza. Piga hesabu: uniti ya T1, kundi la bei la matumizi ya kawaida, ni 292, weka VAT 18%, REA (umeme vijijini) 3% na EWURA (wasimamizi wa nishati) 1%, inafika 356. Kwa 5,000 unapata uniti 14. Nunua kwa 5,000 hiyo hiyo tarehe 1: inatoka 1,500, inabaki 3,500, unapata 9.8. Uniti nne zimeondoka kwa ajili ya jengo lisilo lako, na wenzako watano wanasubiri ununue wewe kwanza. Ndiyo maana kila mwanzo wa mwezi nyumba inakaa gizani hadi saa nne usiku, watu wanategeana.

Mzee wa Tandika
Si walisema wazee hatulipi? Miaka 60 unasamehewa. Sasa mbona LUKU bado inakata?

Sheria Mkononi
Mzee wangu, shikamoo. Msamaha upo, ila ni kwa nyumba anayoishi mzee mwenyewe, isiyo ya biashara. Nyumba ya kupangisha haimo hata mwenye nyumba akiwa na miaka 90. Na mfumo haujui umri wa mtu, unaijua mita tu. Nenda ofisi inayosimamia kodi ya majengo na kitambulisho na namba ya mita, wakuondoe.

Nyumba moja yenye mita mbili au tatu inatakiwa kukatwa kwenye mita moja tu. Ukiona mita zote zinakatwa, peleka namba zote ofisi hiyo hiyo ueleze kwamba jengo ni moja. Wenye nyumba wengi hawaendi kwa sababu wanaokatwa ni wapangaji.

Jingine ambalo watu hawaangalii: nyumba ikikaa tupu miezi mitano hakuna anayenunua umeme, lakini kodi inaendelea kuhesabiwa, 7,500 hiyo. Mpangaji mpya akinunua tokeni ya kwanza anakutana na limbikizo la miezi ambayo hakuwepo. Kabla ya kukabidhiwa ufunguo, mwambie mwenye nyumba anunue tokeni mbele yako.

MamaMjengo
Hayo ya kwenda ofisini nimeelewa. Lakini hili la "uniti 500" mmelipitisha kimya kimya kana kwamba wote tunafanya. Nani anauza 500? Wengi ni 400.

Mpangaji_Manzese
400 kitu gani wakati mnanunua kwa 122! Umeme wa 100 upo, serikali imeuweka kwa ajili ya wanyonge, nyie mnaukalia katikati.

FundiUmeme_Mbagala
Tusigombane kabla ya kujua nyumba iko kundi gani. D1 ni ya matumizi madogo: uniti 75 za kwanza za mwezi ni 100 kila moja, pamoja na makato 122. Ukivuka 75, zinazofuata ni 350, pamoja na makato 427. T1 ni 356 kwa uniti zote. Nyumba ya vyumba sita kwenye mita moja haiwezi kubaki ndani ya 75. Friji ndogo inakula karibu uniti moja kwa siku, mbili ni 60 kwa mwezi, hujawasha feni wala pasi.

Njia ya kujua ni meseji ya tokeni. Chukua ulicholipa, toa makato ya kodi ya majengo, gawa kwa uniti ulizopata. Ikija 356 uko T1. Usigawe kabla ya kutoa 1,500, utapata bei ya ajabu na utamtuhumu mtu bure.

Kibarazani
Asante fundi. Basi hesabu inammaliza MamaMjengo. Nyumba ya uniti 200 kwa mwezi, faida ya 44 kwa kila uniti, ni 8,800. Kodi ya majengo ni 1,500. Anayeuza 400 ameshajilipa kodi hiyo zaidi ya mara tano, na bado ile ya LUKU anaitoza tena.

MamaMjengo
Kijana, umesahau pampu. Maji mnayooga yanapanda tangini kwa umeme gani? Pampu ya hosipawa moja ni wati 750. Saa moja kwa siku ni uniti 22 na nusu kwa mwezi, mara 356 ni 8,000. Weka taa mbili za nje zinazowaka usiku kucha. Iko wapi hiyo faida? Jifunze hesabu kabla ya kumwita mtu mnyonyaji.

Kibarazani
Neno mnyonyaji sijalitumia. Soma vizuri.

MamaMjengo
"Hana la kujitetea" ni nini kama si hilo?

Mpangaji_Manzese
Pampu nimeikubali, hesabu yake ni ya kweli. Basi iwe na mita yake, isomwe mbele ya wote, tugawane kwa vichwa. Anayeishi peke yake chumba kimoja halipi sawa na familia ya watu watano.

Sheria Mkononi
Na hilo liingie kwenye mkataba pamoja na kodi ya majengo. Sentensi mbili zinatosha: "Kodi ya majengo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji atakayekatwa atatunza meseji ya tokeni na kiasi hicho kitapunguzwa kwenye kodi inayofuata." Usiandike "watakubaliana", hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Nanenane
Mita ndogo zenyewe ni za kuaminika? Za dukani Kariakoo nyingine zinakimbia.

FundiUmeme_Mbagala
Zipime. Usoni pameandikwa idadi ya miwako kwa uniti, nyingi ni 1600. Zima kila kitu chumbani, washa birika la wati 2,000 lenye maji ya kutosha dakika tatu yasichemke likajizima. Hiyo ni sehemu ya kumi ya uniti, taa nyekundu inatakiwa iwake mara 160. Pasi usitumie, inajikata yenyewe katikati. Ila umeme wa mtaani ukishuka hadi volti 200 birika linavuta kama robo tatu tu ya nguvu yake, utahesabu 120 na mita itakuwa salama kabisa. Kipimo bora ni kulinganisha: vyumba vingine vyote vizimwe, soma LUKU na mita ndogo, acha chumba kimoja kitumie uniti mbili, soma tena. Zikitofautiana sana, kasoro iko kwenye mita au kwenye waya.

Mara nyingi ni waya. Fundi aliyefunga taa ya korido au pampu alichukua umeme ulipokuwa karibu, yaani baada ya mita ya chumba cha kwanza. Zima saketi breka ya chumba hicho usiku. Taa ya korido ikizimika, mpangaji wa chumba hicho ndiye analipia korido ya nyumba nzima, labda na pampu.

MamaMjengo
Na hiyo mita ya pampu nani ananunua?

Mpangaji_Manzese
Mwenye pampu.

MamaMjengo
Sawa, nanunua. Lakini inafungwa ndani ya kisanduku chenye kufuli, na kila Jumapili aje mmoja wenu asome pamoja nami. Nisisikie tena neno 500.