IST ya 2004 au ya 2009 kwa mlima wa Tukuyu?

MwanaUyole
Wakuu, habari za jioni. Nimekwama kati ya Toyota IST mbili, zote cc 1500. Ya 2004, namba D, inauzwa milioni 9.2. Ya 2009, namba E, milioni 16.5. Hela ya hiyo ya pili ninayo, ila nikiilipa nabaki mkavu. Siku za kazi ni Uyole na Mbeya mjini tu. Jumamosi ndiyo mtihani: napandisha Tukuyu kwa mama, naingia vumbi hadi kijijini, narudi na mikungu ya ndizi mpaka siti ya nyuma. Moyo uko kwa ile mpya, ndani imetulia kweli. Hiyo milioni saba na ushee nailipia nini hasa?

FundiSoweto
Mdogo wangu, injini ni ile ile. Zote 1NZ-FE, cc 1496, ya cheni. Unalipia bodi na gia boksi. Ya 2004 ina otomatiki ya kawaida ya gia nne, spea zake hata za mtumba zimejaa. Ya 2009, kama si 4WD, ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, inatumia mkanda. Siichukii CVT, mafuta inakula kidogo. Kinachoniuma ni watu kuiwekea oili ya gia ya kawaida kwa kuwa ni bei chee. Mkanda wa chuma mle ndani ukianza kuteleza, hiyo gia boksi imekwisha.

Kabla ya kulipa, pandisha nayo kutoka Uyole mkiwa watu wanne. Kanyaga mafuta taratibu kwenye mwinuko. Injini ikipiga kelele mshale wa RPM ukapanda, na gari haiongezi mwendo, irudishe kwa mwenyewe.

BintiRungwe
Mimi ninayo hiyo mpya, kaka, na njia ni hiyo hiyo. Haijanisumbua, lakini oili ya CVT nanunua mwenyewe na nasimama pale fundi akiimwaga. Hilo la kubaki mkavu lifikirie sana. Kuna kubadilisha kadi ya gari, bima, matairi. Na hiyo ya 2004 ikague bushi na shokapu, barabara zetu unazijua.

MwanaUyole
Asanteni sana. Nimempigia mwenye ile ya 2009, anasema oili ya gia hajawahi kubadilisha tangu aichukue, eti haibadilishwi.

FundiSoweto
Basi hiyo achana nayo. Ya 2004 ilete Jumamosi asubuhi kabla haijapata moto, tuchomoe stiki ya kupimia oili ya gia boksi tuone rangi yake.