Tupeane uzoefu: raha ya kupiga gobore, gumegume na ndugu zake wote

Mshindiliaji
Wakuu, salaam. Jana mtu kanitumia picha ya magobore yaliyosalimishwa, yamelazwa chini kituoni yakisubiri kuteketezwa. Najua kwa nini yanachomwa na sibishani na hilo. Ila silaha hii naipenda, na huku niliko naipiga kihalali klabuni.

Nipo Pennsylvania, Marekani. Ndiko mafundi wenye asili ya Kijerumani, wa huko Lancaster, walikotengeneza karne ya 18 zile bunduki ndefu zenye mifuo ndani ya mtutu. Yangu ni nakala yake, ya gumegume, tundu la milimita 12.7. Baada ya Krismasi jimbo linafungua msimu wa kuwinda kulungu kwa gumegume peke yake, hata gobore la fataki (kile kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa) haliruhusiwi.

Utamu wake ni ile kazi. Unapima baruti, unaimimina, unaweka kitambaa chenye mafuta mdomoni mwa mtutu, gololi juu yake, unashindilia kwa mdeki mpaka mkono uhisi imekaa. Kisha baruti laini kidogo kwenye kifa, kile kisahani cha pembeni mwa mtutu. Ukifyatua, jiwe linakwangua chuma, cheche zinadondoka, kifa kinawaka, ndipo mtutu unaitika. Kati ya cheche na mlio kuna mwanya mdogo sana, na hapo ndipo mpigaji anajulikana, maana mkono ukicheza tu umekosa. Moshi mweupe unaziba shabaha, unasubiri upepo uuondoe ndiyo ujue umepiga wapi. Kwenye bunduki ya kisasa raha hiyo siipati.

Mliowahi kuishika, mwageni hapa.

Newala Juu
Umenikumbusha mbali sana. Kwetu siku vijana wanatoka jandoni wazee walipiga baruti tupu, bila gololi, mtutu umeelekezwa juu. Mlio unashuka mpaka bondeni, akina mama wanaupokea kwa vigelegele. Anayepiga alichaguliwa, si kila mtu aliruhusiwa kugusa.

Kipara cha Mbinga
Harufu tu, mkuu. Ile harufu.

Sheria Kwanza
Samahani, mnasifia kitu gani? Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Ukikutwa na gobore bila leseni utaenda jela. Na tembo wangapi wameangushwa na hayo magobore yenu?

Newala Juu
Nani kakwambia hayakuwa na leseni? Babu yangu alikuwa na kitabu chake na alikilipia mpaka anafariki.

Sheria Kwanza
Huyo ni babu yako. Majangili nao wana babu.

Mshindiliaji
Asiye na kibali akalisalimishe, hilo halina mjadala. Hapa tunaongelea upigaji.

Mwana Urambo
Basi ngoja nieleze, maana hili sijawahi kuliandika popote. Nilikuwa darasa la sita. Shamba la karanga la babu mdogo lilikuwa linamalizwa na nguruwe pori, akawa analala kitaluni na gobore lake la fataki. Usiku mmoja akanichukua nimshikie tochi. Mchana mvua ilikuwa imenyesha, gobore alilifunika kwa ngozi.

Mbalamwezi ilikuwa inatosha. Wakaja, nasikia wanafukua, wanakoroma. Akaniambia nisiwashe mpaka anibonyeze bega. Akanibonyeza. Nikawasha, na aliyekuwa mbele ni dume lenye meno yametoka nje. Babu akafyatua. Fataki ikalia *taa!* na basi. Kimya. Mtutu haukuitika.

Dume likageuka kufuata mwanga, na mwanga ninao mimi. Wakuu, miguu ilikufa. Nikamwona babu hajashusha gobore. Kitako begani, jicho kwenye mtutu, anamfuata yule mnyama kana kwamba ndiyo kwanza anaanza kulenga. Mimi nalia, yeye anasema polepole, "Tulia mwanangu, bado inakuja." Ikaja. *Puuu!* Moshi ukatufunika, sikuona kitu, nasikia tu kishindo cha kuanguka na tope linanirukia magotini.

Baadaye akanieleza kuwa baruti ikinyonya unyevu moto unaweza kuchelewa, na anayeshusha bunduki kwa kudhani imekufa ndiye inayemuua. Hakurudia tena. Asubuhi kaamka, kaosha mtutu, kaenda msikitini.

Kipara cha Mbinga
😳 Mzee alikuwa chuma.

Chausiku_K
Chai hiyo. Bunduki isubiri mpaka nguruwe afike?

Mshindiliaji
Dada, si chai. Klabuni kwetu ndiyo sheria ya kwanza kufundishwa: isipolia, usishushe, usigeuke, mtutu ubaki kwenye shabaha dakika nzima. Mara nyingi kuchelewa kwenyewe ni kufumba na kufumbua, ila baruti yenye unyevu haina ahadi. Mzee wa Urambo alijua silaha yake.

Chausiku_K
Sawa, ila "inakuja" alijuaje?

Mwana Urambo
Hakujua. Alikuwa hana kingine cha kufanya, na mimi nilikuwa nyuma yake.

Salma wa Nizwa
Ndugu zangu, kwetu Oman wazee bado wanazo bunduki za utambi, abu fatila. Kwenye harusi utaona mzee anaitoa, imepambwa fedha. Baba yangu, mzaliwa wa Unguja, alikuwa akiniambia uzuri wake ni kwamba mpigaji hana haraka. Mimi mwanamke nimeipiga mara moja tu, tena baruti tupu, na bado naitamani.

Mjukuu wa Songea
Nawasoma kwa heshima, lakini nami nina langu. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliwazuia Waafrika kupata bunduki za kisasa, kilichoachiwa mlango ni gumegume na baruti duni. Mwaka 1905 babu zetu wa Maji Maji wakaingia vitani na magobore na mikuki kukabili bombomu (bunduki za rashasha) za Wajerumani. Mnaposema raha ya kushindilia taratibu, mkumbuke kuna walioshindilia huku wanapigwa.

Mshindiliaji
Nimekusikia, ndugu. Hata mimi nikishindilia nawafikiria. Mwanajeshi wa Ulaya aliyezoezwa vizuri alifikisha risasi tatu kwa dakika kwa bunduki ya namna hii, tena kwenye mstari ulionyooka. Porini Songea, mvua inanyesha, baruti imelowa, ni kitu kingine kabisa.

Sheria Kwanza
Hapo Mjukuu kasema la maana kuliko wote.

Fundi Mtutu
Mnaoanza: osheni mtutu siku hiyohiyo kwa maji ya moto, masizi ya baruti yanavuta unyevu na kula chuma. Na msithubutu kutia baruti ya risasi za kisasa kwenye gobore, mtutu utapasuka usoni.

Salma wa Nizwa
Maji ya moto hapana! Chuma kikikauka haraka kinashika kutu. Maji baridi, kisha mafuta.

Fundi Mtutu
Dada, maji ya moto miaka yote.

Kipara cha Mbinga
Changanyeni muwe na vuguvugu, tuendelee.

Mshindiliaji
Baridi au moto, kosa ni kulala bila kuosha. Wenye leseni na wanaotaka mashindano, jueni kuna chama cha kimataifa, MLAIC, tangu 1971. Unapewa dakika 30, unapiga 13, zinahesabiwa 10 bora. Wana hata shindano la bunduki za utambi, linaitwa Tanegashima. Salma, hilo ni lako.

Salma wa Nizwa
Nitaulizia. Nikipata klabu nitarudi kuwaambia.

Chausiku_K
Mwana Urambo hujamaliza. Yule nguruwe mlimla?

Mwana Urambo
Kwetu hatuli. Majirani wa misheni walikuja na toroli kabla jua halijapanda, na ile wiki karanga hazikuguswa.