Formula Junior: kwa nini injini ilihamia nyuma ya dereva?

Mwanafunzi wa Kamalondo
Wazee wangu na ndugu zangu, nawasalimu. Ninajifunza ufundi wa magari hapa Lubumbashi, na nimekuwa nikilinganisha picha za magari mawili: Stanguellini ya Italia ya mwaka 1959, yenye pua ndefu na injini mbele, na Lotus 18 ya mwaka 1960, fupi na bapa, ambayo injini yake iko mgongoni mwa dereva. Yote yalijengwa kwa kanuni zilezile za Formula Junior, daraja la mbio za magari madogo ya kiti kimoja. Kwa nini la kwanza lilipitwa na wakati haraka hivyo?

Fundi wa Katuba
Mdogo wangu, tuanze na kanuni. Giovanni Lurani, mwanzilishi wa Formula Junior, alitaka vijana wa Italia wapate gari la mashindano la bei nafuu, kwa hiyo injini ilipaswa kutokana na gari la kawaida la abiria: sentimita za ujazo 1,100 kwa gari la kilo 400 au zaidi, au 1,000 kwa kilo 360. Stanguellini, fundi wa Modena, alichukua injini ya Fiat 1100 akaiweka mbele kama ilivyokuwa desturi. Lakini injini ikikaa mbele, shafti ya kupeleka nguvu nyuma lazima ipite chini au kando ya dereva, naye hulazimika kukaa juu, na gari hupambana na upepo kwa kifua kipana. Colin Chapman wa Lotus aliiondoa shafti hiyo, akamlaza dereva chini katikati ya fremu ya mabomba membamba. Nyuma yake alifunga injini ya Ford Anglia iliyotengenezwa upya na Cosworth, kampuni ya Uingereza ya injini za mashindano. Pistoni zake zina kipenyo cha milimita 81 hivi na husafiri milimita 48 tu, ndiyo maana huvumilia kuzungushwa kwa kasi kubwa.

Mzee wa giaboksi
Fundi amesema vema, ila tusiidharau Stanguellini: mwaka 1959 ndiyo iliyoshinda mbio za Junior za Monaco, ikiendeshwa na Michael May.
Mwanangu, kama karakanani kwenu kuna giaboksi ya Coccinelle, ile Volkswagen ya mgongo wa kobe, iweke mezani uitazame. Katika Volkswagen, injini iko nyuma ya giaboksi; katika gari la mashindano, iko mbele yake. Ukiigeuza tu giaboksi ielekee upande wa pili, magurudumu yatarudi kinyumenyume. Mike Hewland, fundi wa giaboksi wa Uingereza, aliipindua juu chini, na magurudumu yakaenda mbele kama kawaida. Kasha likabaki la gari la abiria, kama kanuni ilivyotaka, huku gia za ndani zikiwa za Hewland mwenyewe.

Mwanafunzi wa Kamalondo
Asante sana, Mzee. Tunayo moja, haina kifuniko cha pembeni. Nimeipindua sasa hivi, nikazungusha shafti kwa mkono, nikaliona jambo lenyewe.

Fundi wa Katuba
Ukimaliza, tafuta picha za Lotus 27 ya mwaka 1963, mwaka wa mwisho wa Formula Junior. Hiyo haina tena fremu ya mabomba; mwili wenyewe ndio unaobeba mzigo, na bei nafuu aliyoitaka Lurani ilikuwa imekwisha kusahaulika.