Tupeane uzoefu: muhula wako wa kwanza chuo ulikuwaje?

Dada wa Sumbawanga
Wakuu, salaam. Mdogo wangu wa mwisho ameripoti Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) juzi, kutokea kwetu Sumbawanga, mwaka wa kwanza. Wamempa kitanda kwenye hosteli za Magufuli, yale majengo ishirini ya ghorofa yaliyofunguliwa 2017, kwa hiyo malazi sina wasiwasi. Jana usiku kanipigia, sauti ya chini kabisa: "Dada, huku kengele ya kula inagongwa saa ngapi?" Nilicheka mpaka nikaona aibu. Mtoto kasoma bweni miaka sita. Kengele ya kuamka, ya gwaride, ya prepo, ya kulala. Sasa katua mahali ambapo hakuna anayemgongea chochote.

Mimi nilisomea ualimu ngazi ya cheti, ya chuo kikuu siyajui. Mlioyapitia tupeane uzoefu, nitamsomea. Naomba visa vyenu wenyewe, maana mawaidha nimeshampa mpaka kachoka.

Mla Bumu
Dada, nianze mimi, aibu yangu imeshapoa. Niliingia 2016, chuo kimoja cha Dar. Enzi hizo pesa ya chakula na malazi ilikuwa 8,500 kwa siku (sasa wanapata 10,000, wana raha), na bumu (ndiyo hiyo pesa ya mkopo) linaingia la siku sitini kwa mpigo. Piga hesabu: 510,000. Na mimi pesa kubwa niliyowahi kuishika ilikuwa 40,000 ya nauli!

Nimesaini asubuhi, mchana niko Kariakoo. Simu 220,000. Sabufa ya mtumba 70,000, na chumba chenyewe tunalala sita, kila mtu na muziki wake. Nikapita soko la Karume, raba pea mbili 50,000. Nyumbani nikatuma 80,000, hiyo sijutii, mama alinunulia mbolea. Zilizobaki nikawa mtu wa chipsi kuku kila jioni, na kulipia wengine juu. Siku ya kumi na mbili nimebaki na 19,000, na mbele yangu kuna siku arobaini na nane.

Hapo ndipo nilipojifunza kula saa tano asubuhi. Chapati mbili na maharage, ukila saa hiyo umemaliza chai na mchana, na ukiwahi kulala hata usiku. Sabufa nikaiuza 35,000 kwa kaka mmoja wa mwaka wa tatu. Alikuwa ananihesabia hela huku anacheka, akaniambia yeye kila mwaka mwezi wa kumi na mbili hununua sabufa za mwaka wa kwanza, halafu Novemba inayofuata anawauzia wanaoingia. Ile yangu huenda nilikuwa mtu wa nne kuimiliki.

Bumu la pili lilipoingia sikupita popote. Nilikwenda kwa mama ntilie wetu nikamlipa milo sitini ya mchana, 1,500 kila mmoja, 90,000 taslimu. Akatoa kaunta buku akachora vistari sitini, kila nikila anakata kimoja. Kuna siku nilikuwa na jaribio sikwenda kula, kesho yake ananiuliza, "Mwanangu, jana mbona hukukatwa?" Ndiye mtu pekee chuo kizima aliyejua siku ambayo sikula.

Simu ilichomolewa kwenye daladala mwezi wa tatu.

Msusi wa Blok B
Ninyi wa bumu mnadeka tu. Mimi nilikosa mkopo, ada baba aliuza ng'ombe, kula nijitegemee. Nikaanza kusuka. Rasta 15,000 kichwa, Jumamosi viwili, Jumapili baada ya misa kimoja. Nilijulikana bweni zima kabla sijamjua mhadhiri hata mmoja. Dada, ila mdogo wako kama hajalipia bima ya afya alipie, ni 50,400 kwa mwaka. Mimi niliona hela nyingi nikaahirisha, malaria ikanikuta wiki ya mitihani. Nilitibiwa kwa hela ya vichwa vinne.

TO mstaafu
Mimi shule ya sekondari niliitwa TO, Tanzania One, yaani kinara wa masomo. Kila mtu alinakili kwangu. Nikaja chuo na madaftari kumi mapya nasubiri mwalimu aseme "andikeni". Pindi la kwanza tulikuwa mamia, wengine wamekaa chini, wengine wamesimama dirishani. Mhadhiri akaongea dakika hamsini, akataja vitabu vitatu, akaondoka. Sikuandika hata sentensi. Nikadhani amesahau, nikamfuata mlangoni: "Samahani mwalimu, notisi utatupa lini?" Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mwezini.

Jaribio la kwanza nilipata 9 kati ya 20. Nililia chooni, sisemi uongo. Sikumwambia mtu, nikawa najifungia maktaba peke yangu mpaka saa nne usiku, nasoma kila kitu, ina maana sisomi chochote. Kumbe wenzangu wana madesa (notisi za waliotangulia), mitihani ya miaka ya nyuma, na vikundi vya watu watano vinavyokutana kila jioni chini ya mti. Mimi TO nitajadiliana na nani? Kiburi hicho kilinipa sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia.

Aliyeniokoa ni kwaya. Nilijiunga TMCS, umoja wa wanafunzi Wakatoliki, kwa sababu nilikuwa mpweke, si kwa utakatifu. Sauti ya pili pale tulikuwa watatu wa kozi moja, mmoja wao ana madesa ya kaka yake. Tukawa tunamaliza mazoezi tunahamia kwenye hesabu. Sapu zote nilizivuka, na mmoja wa wale watatu ndiye msimamizi wangu wa ndoa.

Mtu wa Likoni
Nami kutoka Kenya nitie langu. Mwaka 2014 niliitwa Chuo Kikuu cha Moi, kampasi kuu, Kesses. Mie mtoto wa Likoni, Mombasa, baridi naijua ya friji tu. Nikashuka Cheptiret alfajiri na shati la mikono mifupi nikadhani nimeshikwa na homa. Mamangu alikuwa amenifungia mahamri na leso mbili; mahamri yakaisha siku hiyo, leso zikawa ndilo blanketi langu wiki nzima. Mwenzangu wa chumba, Mkalenjin, akanipa sweta lake na kikombe cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao. Maziwa yana rangi ya jivu! Nikafumba macho nikameza, kwa adabu.

Kiswahili changu wakakicheka, ati naongea kama redio. Muhula wa pili yeye ndiye ananiomba wali wa nazi, na nazi kule tukawa tunatumia ya unga, ya pakiti. Nyumbani ningefukuzwa jikoni.

Kobe wa Dodoma
UDOM, fupi tu. Siku ya kwanza nilitoka bwenini kwa miguu nikijua darasa liko hapo mbele, maana jengo naliona. Dodoma jengo kuliona si kulifikia. Nilifika wanatoka. Avae raba. Oh, yeye yuko Dar, basi avae chochote.

Mla Bumu
@Kobe raba zangu zipo pea mbili, aje achukue.

Dada wa Sumbawanga
Samahanini kwa kuchelewa, ni wiki tatu sasa. Nimemsomea yote kwa simu, bando lilikata mara mbili. Ya TO alinirudishia nisome tena, kisha akasema kuna wenzake wanne wanakaa ukumbi wa Nkrumah jioni kusoma, ataomba awe wa tano. Bima amelipa. Kuhusu kula, alipita kwa mama mmoja upande wa Savei kumuuliza kama ana utaratibu wa vistari. Yule mama akamwambia anao, lakini anataka amlipe ya mwezi mmoja tu, akionja chakula na kuridhika ndipo aongeze. Nimempenda huyo mama bila kumwona.

Bumu lao limeingia Jumanne. Nilipofika kwenye habari ya sabufa alinyamaza, nikasikia kwa nyuma kama ngoma inadunda, kisha akasema mtandao unasumbua.