Ushauri: Nitawafundishaje wanafunzi wa darasa la sita kufuta maneno yasiyo ya lazima?

Mwalimu wa Ujiji:
Wanajukwaa, habari za jioni. Ninafundisha Kiswahili darasa la sita hapa Kigoma, na wanafunzi wangu huandika insha ambazo nusu yake ni maneno ya kujazia. Kwao mtu hatoki, "anatoka nje". Hapandi, "anapanda juu". Na akirudi, lazima "arudi tena". Hapo sijataja "endapo kama" na "kwa sababu ya kwamba". Nimewaonyesha ubaoni kwamba "mtoto ambaye anasoma" ni yule yule "mtoto anayesoma", wakaitikia kwa sauti moja "ndiyo mwalimu", na kesho yake madaftari yakaja yamejaa "ambaye" kama kawaida. Naomba mbinu ya haraka, kwa sababu jambo hili linaninyima usingizi.

Kalamu Nyekundu:
Mkuu, nimekufupishia uzi: "Wanafunzi wangu wanaandika maneno mengi. Nifanyeje?" Sasa tuendelee.

Mzee wa Stesheni:
Mwalimu, wafanye walipie. Enzi za simu za maandishi kila neno lilikuwa na bei yake, na mimi niliwaona watu wakikata wenyewe mbele ya dirisha bila kufundishwa na yeyote. Mtu alifika na karatasi iliyojaa, akaambiwa gharama, akarudi kwenye benchi na penseli. Kwanza alifuta salamu, kisha majina ya wadogo zake, kisha sababu ya kuandika, na mwishowe likabaki neno moja: "Njoo."

Shangazi wa Kasulu:
Shikamoo mzee. Na aliyelipokea hilo "Njoo" alilia ndani ya treni kutoka Tabora hadi Kigoma, kumbe nyumbani kuna harusi. Mimi nadhani tunawaonea watoto. Ni walimu hao hao wanaosema "andika ukurasa mmoja na nusu", na mtoto mwenye habari ya nusu ukurasa atafanya nini kama si kupanda juu na kushuka chini? Wangu alikuwa akipanua mwandiko ili ukurasa ujae, na alipata alama nzuri kuliko mwenzake aliyemaliza mapema.

Binti wa Kibirizi:
Mwalimu, kuna jambo halijakaa sawa. Watoto wameandika "alitoka nje" tangu shule zianze, na hakuna aliyekosa usingizi. Haraka inatoka wapi?

Mwalimu wa Ujiji:
Sikuona haja ya kulieleza hilo, lakini sawa. Kuna shindano la insha, kikomo ni maneno 200, na mwisho wa kupokea ni Ijumaa. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika insha nzuri sana, lakini ilizidi kikomo mara mbili, kwa hiyo niliifupisha mimi mwenyewe na mwalimu mkuu amekwisha kutia saini. Mawazo yote ni ya mtoto. Mimi nimeondoa magugu tu, kazi ambayo wahariri huwafanyia hata watu wazima wanaotoa vitabu. Nilichouliza ni namna ya kuwafundisha waliobaki. Ili mjue ninavyofanya kazi, insha inaanza hivi: "Usiku mmoja wa mbalamwezi, baba alikwenda ziwani na taa zake kuvua dagaa."

Binti wa Kibirizi:
Wakuu, uzi huu umetungwa. Mimi nimekulia mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, na ninawaambia kwamba hakuna mvuvi wa dagaa anayetoka na taa usiku wa mbalamwezi. Dagaa hufuata taa kwa sababu ziwa lina giza. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga umetapakaa kila mahali na taa haina kazi, kwa hiyo siku hizo watu hupumzika na kushona nyavu. Mtoto wa mvuvi hawezi kuandika sentensi hiyo. Hapo hakuna mtoto, hakuna shindano, na pengine hata Ujiji hujawahi kufika.

Kalamu Nyekundu:
Nilishangaa tangu mwanzo mwalimu wa kufupisha alipoandika marefu vile.

Mwalimu wa Ujiji:
Sikubali kuitwa mwongo. Alichoandika mtoto ni hiki, neno kwa neno: "Siku moja usiku kulikuwa na mbalamwezi kubwa sana na baba yangu mzazi hakwenda ziwani kwa sababu ya kwamba dagaa hawafuati taa kukiwa na mbalamwezi, na badala yake alikaa uani akawa anashona wavu wake ambao ulikuwa umechanika, na giza liliporudi tena ndipo alipokwenda ziwani na taa zake kuvua dagaa." Ni sentensi moja yenye maneno karibu hamsini. Mnataka niiache hivyo? Majaji wa mbali hawajui habari za mbalamwezi.

Binti wa Kibirizi:
Basi naondoa neno langu kuhusu kutunga, kwa sababu hiyo imeandikwa na mtu aliyekaa uani na baba yake. Lakini wewe uliliogopa neno "sana" hadi ukafuta hata "hakwenda". Jaribu hivi: "Mbalamwezi iling'aa, na baba hakwenda ziwani kwa kuwa dagaa wasingefuata taa. Alikaa uani akishona wavu. Giza liliporudi, alikwenda." Hakuna tukio lililopotea. Neno "mzazi" sikuliondoa kwa kujua. Nimeliondoa kwa kubahatisha, na huenda mtoto anaishi na baba mdogo akataka kuwatofautisha. Anayejua ni yeye. Mpe penseli, asome kwa sauti, afunike neno kwa kidole, na ajiulize kama habari imebadilika. Darasa zima linaweza kufanya hivyo kwa aya moja kila kipindi.

Mwalimu wa Ujiji:
Ushauri mzuri, lakini bahasha imefungwa, na mtoto akikata mwenyewe hatafika 200 kabla ya Ijumaa.

Mzee wa Stesheni:
Mtoto ameisoma hiyo uliyoifunga?

Mwalimu wa Ujiji:
Bado. Nilipanga kumwonyesha baada ya matokeo. Kesho nina kipindi cha kwanza darasani kwao. Nitampa penseli, lakini bahasha sitaifungua hadi nione amefikia wapi.